SOMO LA WAZAZI NA VIJANA: MTOTO MWENYE KIPAWA ASIACHWE PEKE YAKE



Kabla ya kuendelea tusome 1 Samweli 2:18 mpaka 21, kisha sura ya 3 yote. Tusome tena Mwanzo 37:1 mpaka 11. Asiye na Biblia asomewe na jirani yake.

Katika karatasi hii tumekwisha kufundisha juu ya kijana mlevi, juu ya kijana anayekimbia masomo, na juu ya msichana anayepata mimba angali nyumbani kwa wazazi. Juu ya mtoto anayejua sana hatukuandika hata somo moja. Tulidhani mtoto wa namna ile hana shida. Akili anayo, Mungu amempa, anataka nini tena? Leo tunakubali kwamba tulikosa, na tutaeleza namna tulivyokosa.

Mtoto huyu mnamjua. Yuko katika makanisa yetu yote, Lukuga Kaskazini na Lukuga Kusini, mjini Nyunzu na katika vijiji vya njia ya reli, upande wa Kabalo na upande wa Kalemie. Anakaa katika darasa lililojaa, wengine wanakalia matofali, na mwalimu anapoandika hesabu ya pili ubaoni yeye amekwisha kumaliza ya nne kichwani. Anauliza kwa nini. Anajibiwa, anauliza tena. Mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa, na ambaye ana makaratasi ya darasa zima ya kusahihisha usiku kwa taa, anamwambia: «Wewe nyamaza, waache wenzako wajibu.» Mwalimu huyo si mtu mbaya. Lakini mtoto ananyamaza, na hapo ndipo mambo yanapoanza.

Kisha wenzake wanampa majina. Profesa. Mzungu. Mzee. Mwanzoni ni mchezo, naye anacheka pamoja nao. Baadaye wanapokwenda Lukuga kuoga hakuna anayemngoja. Mpira ukichezwa anachaguliwa wa mwisho. Akieleza jambo alilolisikia redioni wanatazamana wao kwa wao. Kaka zake wanamwambia anajiona. Hajajiona, alikuwa anatafuta mtu wa kuzungumza naye.

Na kwa kuwa ana akili, njia ya kurudi kundini anaiona upesi. Ni kuharibu. Anajua jibu, anaandika lingine. Anaacha hesabu mbili bila kuzigusa ili apate pointi kama za jirani yake. Anajifunza kusema taratibu, kucheka mahali wengine wanapocheka, na kusema «sijui». Wazazi wanaona pointi zimeshuka, wanasema mtoto amekuwa mvivu, wanamchapa. Anachapwa kwa ajili ya kazi iliyo ngumu kuliko zote alizowahi kufanya darasani.

Kwa msichana mzigo ni mara mbili. Yeye ana ndoo ya maji inayomngoja, ana mdogo wake mgongoni, na tena ana shangazi zake wanaomwambia ya kuwa mwanamke anayejibu sana hapati bwana. Maneno hayo tumeyasikia hata katika kikao cha mama wa kanisa, na siku ile hakuna aliyeyakataa. Wasichana waliokuwa wamekaa mlangoni waliyasikia.

Sasa tueleze kosa letu. Jina la mtoto hatulitaji, wala la kanisa. Wanaojua wanajua.

Alikuwa na miaka 13. Baba yake alikufa wakati wa fujo, mama yake analima mihogo. Alikuwa akitengeneza redio za watu kwa kisu na vipande vya waya, na tunajua redio moja iliyonyamaza miaka miwili akaisemesha kwa alasiri moja. Jumapili moja mtunza sanduku alisoma mbele ya wote hesabu ya sadaka ya kununua mabati. Alisoma tarakimu moja moja, kisha akasoma jumla. Mtoto akasimama kati ya watoto wenzake akasema jumla si hiyo, imepungua franka 14 500. Kitabu hakukiona. Alisikia tu tarakimu zikisomwa, akazijumlisha kichwani.

Hesabu ilipopitiwa baada ya juma moja ilionekana amesema kweli. Hapakuwa na wizi. Mtunza sanduku alisahau mstari mmoja alipofungua ukurasa mpya, kosa la mkono tu. Lakini lile juma moja lilitosha.

Katika juma lile watu walisema mtoto hawezi kujua hivi bila kuwa na kitu. Wengine walisema watoto wa darasa lake wanaanguka na yeye anapita, maana yake anawala wenzake akili usiku. Jirani mmoja alikumbuka kifo cha baba yake, akaanza kukihesabu upya. Na sisi wazee, badala ya kukaa chini na kufungua kitabu cha hesabu siku ile ile, tuliwasikiliza. Tukamtia katika mfungo wa siku tatu, ndani ya chumba cha nyuma. Tukamwekea mikono. Tukamtaka aungame.

Siku ya tatu akaungama. Mtoto mwenye njaa huungama kitu chochote. Alitafuta ni neno gani tunalolitaka, akalipata, akatupa. Hata kwa hilo alikuwa hodari.

Hesabu ilipotoka kweli hatukumwambia neno, kwa maana tulikuwa na haya. Alirudi masomo, akakaa nyuma kabisa. Redio hakuzigusa tena. Mwaka haukuisha akafuata vijana wakubwa Kisengo kuchimba koltani. Mama yake alipotuuliza tulimwambia vijana wote wanakwenda huko siku hizi. Na ni kweli wanakwenda. Yeye alikwenda kwa sababu kule kila mtu ana udongo mwili mzima na hakuna anayemwuliza mwenzake anajua nini.

Wapendwa, msidhani jambo hili ni la siri ya kanisa peke yake. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na inaliweka kosa hilo mahali pamoja na kumtupa mtoto na kumtesa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inasema anayemsingizia mtoto uchawi kwa ubaya na mbele ya watu atafungwa mwaka mmoja hata mitatu, pamoja na faini. Mchungaji hakuachwa nje, wala mzee wa kanisa, wala mama mzazi. Tulipaswa kuzijua sheria hizi. Wengine wetu walizijua.

Mtu atasema: lakini sisi ni kanisa la roho, tunaamini ya kuwa Mungu husema na watu kwa ndoto na maono, tutanyamazaje tukiona kitu kwa mtoto? Tunajibu: kwa sababu hiyo hiyo inatupasa kuwa waangalifu kuliko wengine. Tazameni habari ya Samweli.

Samweli alipelekwa hekaluni angali mdogo. Hakuna palipoandikwa ya kwamba alikuwa na rafiki. Waliokuwa vijana pale ni wana wa Eli, na tabia yao mnaijua: walikuwa wanachukua nyama ya sadaka kwa nguvu. Mtoto wa namna yake, katikati ya watu wa namna ile, angeweza kufanya mambo mawili tu, kuwa kama wao au kuwa peke yake. Na mama yake alikuwa mbali. Lakini someni vizuri ule mstari wa 19 wa sura ya 2. Kila mwaka Hana alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Kina mama mnaelewa maana yake. Kushona kanzu ya mtoto usiyemwona, ni lazima ukae ukiwaza amefika wapi, mabega yamepanuka kiasi gani, mkono umerefuka kiasi gani. Hana hakuelewa mambo yote ya hekalu, lakini kipimo cha mwanawe alikijua. Mama asiyejua kusoma anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mtoto aliye mbele ya darasa lake. Amwulize jioni: leo mlifundishwa nini? Akae asikilize, hata kama haelewi. Ile ndiyo kanzu.

Kisha Eli. Mtoto anaamka usiku mara ya kwanza, anamwambia umeniita. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mzee ni kipofu, amechoka, amekatizwa usingizi. Sisi tungesema mtoto ana pepo la usiku. Eli alimrudisha kulala mara mbili bila kumpiga, na mara ya tatu akafahamu, akamfundisha namna ya kuitika. Tena neno lenyewe lililokuja lilikuwa juu ya Eli, la kuangusha nyumba yake. Asubuhi akamwita mtoto, akamtaka asimfiche hata neno moja, akalisikia lote, akalikubali. Mtunza sanduku wetu alikosolewa franka 14 500 tukaita jeshi zima la maombi. Eli alikosolewa nyumba yake yote na kizazi chake, na hakumwuliza Samweli ni nani aliyemtuma.

Vijana nao wasikie upande wao. Yusufu alikuwa na miaka 17 alipowaeleza ndugu zake ndoto ya kwanza, akaona wamemchukia. Akaota ya pili, akaenda kuwaeleza tena. Kipawa chake kilikuwa kikubwa, lakini busara ya kujua ni nani wa kuambiwa nini bado hakuwa nayo. Baba yake alimkemea. Lakini Mwanzo 37:11 inatuonyesha kwamba Yakobo, pamoja na kumkemea, aliliweka jambo lile akilini. Wazazi wengi wa kwetu wanajua nusu ya kwanza tu. Kukemea wanajua sana.

Tusiende mbali, tutazame jimbo letu la Tanganyika. Katika milima ya Marungu, upande wa Moba, karibu na mwaka 1886, alizaliwa Stefano Kaoze. Si wa kanisa letu, alikuwa Mkatoliki, lakini akili ni ya Mungu na mtu wa kwetu ni wa kwetu. Alisoma kwa Mapadri Weupe, Mpala na kwingine, akajifunza Kifaransa na Kilatini. Akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1910 na 1911, maandishi yake juu ya mawazo na tabia ya watu wetu yalichapwa Ubelgiji. Tarehe 21 Julai 1917 alipadrishwa Baudouinville, mahali tunapopaita leo Kirungu, akawa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Watu husherehekea neno lile «wa kwanza». Sisi tunawaza neno lingine lililo ndani yake. Siku ile hakukuwa na Mkongo mwingine hata mmoja wa kumwuliza: wewe ulifanyaje? Wazungu aliokula nao hawakuwa wa kijiji chake, na wa kijiji chake walikuwa wanamwona amekwenda mahali wao hawawezi kwenda.

Wakati ule ule, kule Nkamba katika Kongo ya chini, alikuwako Simon Kimbangu. Mwaka 1918, wakati wa ugonjwa mkubwa wa mafua, alisikia ameitwa, naye hakutaka. Alikwenda Kinshasa kutafuta kazi kama vijana wengine, afiche kichwa kati ya vichwa. Alirudi Nkamba, na kazi yake ikaonekana tarehe 6 Aprili 1921. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amehukumiwa na mahakama ya kijeshi, na alikaa gerezani miaka 30. Alifia Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Padri Kaoze naye alikufa mwaka ule ule wa 1951. Watu wawili wa kizazi kimoja, mmoja alipewa vitabu na mwingine alipewa kifungo, na wote wawili waliishi miaka mingi bila mwenzao wa karibu.

Hapa tuonye juu ya jambo lingine ambalo linatupendeza sana sisi watu wa unabii, nalo ni kumpandisha mtoto jukwaani. Tukimkuta mtoto mwenye kusema vizuri au mwenye kukumbuka mistari mingi, tunamvika kanzu nyeupe, tunamwita nabii mdogo, watu wanaleta sadaka wapate neno. Tunafikiri tumemheshimu. Tumemfungia katika chumba kile kile cha nyuma, ila tumekipaka chokaa. Mtoto yule hawezi tena kucheza mpira na kuanguka mavumbini. Hawezi kusema «leo sina neno». Siku isiyo na neno atalitunga, kwa sababu watu wamekaa wanangoja. Tumeona mambo haya, na waliokula sadaka si watoto.

Na hatuwezi kusema juu ya Nyunzu bila kusema juu ya watoto wa ndugu zetu Watwa, ambao wengine huwaita Bambote. Mtoto wa Kitwa mwenye akili ana upweke wa pande mbili. Darasani watoto wa Kiluba wanamcheka, hawataki kukalia benchi moja naye, hawanywi kikombe alichonywea. Akirudi kwao anaambiwa amegeuka Muluba, maana masomo ni ya wale, na wakati wa asali na mawindo familia inaingia porini naye anatakiwa kuingia pamoja nao. Akibaki shuleni amewakana. Akienda, akirudi anakuta darasa limekwisha kupita. Kisha tangu mwaka 2013 yakaja mapigano ya Watwa na Waluba. Mishale ikatembea, vijiji vikachomwa, na tarehe 30 Aprili 2015 kambi ya wakimbizi ya Vumilia, karibu na mji wetu, ikashambuliwa, wakafa watu wasiopungua 30. Baada ya mambo yale, mtoto wa Kitwa anayekwenda shule peke yake asubuhi anafanya jambo ambalo mtu mzima anaogopa kulifanya. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za ndugu hawa. Lakini sheria haiwezi kumlazimisha mtoto asogee kwenye benchi ili mwenzake akae. Hiyo ni kazi ya mzazi wake, usiku, nyumbani, kwa maneno anayoyasema kuhusu Watwa akidhani mtoto amelala.

Sasa juu ya yule kijana. Alirudi kutoka Kisengo akiwa na miaka 17, amekohoa sana, na makuta hakuwa nayo. Wazee watatu tulikwenda kwa mama yake bila kuvaa kanzu. Tukaketi chini. Tukamwambia yote yaliyoandikwa hapa juu, na Jumapili iliyofuata tukayasema tena mbele ya kanisa, kwa sababu tulimharibia jina mbele ya kanisa. Mtunza sanduku ndiye aliyesema kwanza. Haikuwa rahisi kwake, ni mtu mzima mwenye wajukuu. Kijana alisikiliza, hakulia, hakutusamehe kwa maneno. Aliuliza tu kama kile kitabu cha hesabu bado kipo.

Kipo. Sasa kila Jumamosi anakaa na mtunza sanduku wanakipitia pamoja. Amerudi masomo katika darasa la watoto wadogo kuliko yeye, jambo ambalo ni aibu kwa kijana wa umri wake, na tunataka afike mtihani wa Serikali. Hatujui kama atafika. Mwalimu mmoja wa sekondari amekubali kumfundisha jioni mara mbili kwa juma, naye kijana anamtengenezea redio. Jambo lililotushangaza ni kwamba baada ya miezi michache walikuja wengine wawili, msichana mmoja wa darasa la sita na kijana mmoja wa Kitwa kutoka kando ya mji. Hakuna aliyewaita. Walisikia tu kwamba kuna mahali mtu anaweza kuuliza «kwa nini» bila kunyamazishwa. Wanabishana mpaka jua linazama. Wakati mwingine wanapiga kelele kuliko wanakwaya.

Wazazi walio na mtoto wa namna hii waonane na wazee baada ya ibada ya Jumatano. Waje pamoja na mtoto mwenyewe. Wasilete kuku wala sadaka, na wasimwambie mtoto kwamba anakwenda kuombewa. Atakayekuwa na daftari lililobaki kurasa nyeupe, au redio iliyokufa, au betri, alete. Mishumaa pia inahitajiwa.